Kama Subira Hurithiwa

Katika maneno ambayo watu wa pwani humpa mwenzao aliyefikwa na dhiki, hakuna linalotangulia neno la subira: hupewa mfiwa kabla machozi hayajakauka, hupewa nahodha aliyezamiwa na chombo, hupewa mke aliyeachwa na mgonjwa aliyekata tamaa, na kwa kuwa wenye kusubiri wameahidiwa ujira usiohesabika, kila alisikiaye husikia ndani yake hukumu pia, kwamba aliyesimama imara ametenda wema na aliyeanguka amepungukiwa na kitu katika imani yake. Hukumu hii ya pili aghalabu haitamkwi, lakini huingia nyumbani bila kubisha hodi, ikakaa kitako kandoni mwa kitanda cha mwenye maradhi ya akili, na mara nyingi humtesa kuliko maradhi yenyewe. Nia yangu ni kuitazama hukumu hiyo kwa insafu, maana miaka ya korona ilidhihirisha udhaifu wake, na elimu ya vinasaba, ambayo baadhi yetu huiogopa kana kwamba imekuja kuibomoa dini, imeitia nguvu hoja ambayo wanazuoni wetu walikuwa nayo tangu karne za mwanzo.

Maradhi ninayoyakusudia ni yale ambayo matabibu huyaita bipola. Mwenye nayo hupandishwa kwa siku nyingi, au kwa miezi, na furaha au ghadhabu isiyo na kiasi, akawa halali usiku wala hachoki mchana, akagawa mali yake kwa watu asiowajua, akaanzisha safari na biashara na posa kwa siku moja, akajiona kuwa ameteuliwa kwa jambo kubwa. Kisha hushushwa katika huzuni nzito hata akashindwa kuinuka kitandani, asile, asiitikie salamu ya mamaye, na nafsi ikamnong'oneza kwamba kufa ni afadhali. Baina ya vipindi hivyo huwa mtu kama watu, pengine hodari kuliko wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 walikuwa na maradhi haya, na pwani yetu haikukosa fungu lake. Ila kwetu mgonjwa akipanda husemwa kuwa ana pepo, na akishuka husemwa kuwa ana imani haba, na kwa hivyo mtu mmoja mwenye ugonjwa mmoja hupewa lawama mbili na asipelekwe kwa tabibu hata mara moja.

Kwamba jambo hili lina asili katika mwili, si habari ya jana. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akaitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni isiyo na sababu ya dhahiri, ambayo chimbuko lake aliliona katika damu ya mgonjwa. Elimu yake ya damu haikuwa elimu ya leo, lakini mpaka alioupiga baina ya huzuni mbili hizo ungetosha kuzizuia ndimi nyingi. Miaka elfu moja baadaye, katika wilaya ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mtafiti Janice Egeland aliwachunguza Waamish, ambao ni Wakristo wenye kuishi kwa kilimo na kazi za mikono, wasioendesha magari, wenye kuukataa ulevi, na wanaofundishwa tangu utoto kujisalimisha kwa mapenzi ya Mungu. Akakuta kwamba maradhi ya kupanda na kushuka yamo baina yao, yakizirudia nyumba zile zile kizazi baada ya kizazi, na kwamba wenyewe walikuwa wakisema tangu zamani kwamba hayo yamo katika damu. Nimewataja Waamish kwa makusudi. Kama ibada, na jamaa walioshikamana, na maisha yaliyoepukana na pombe, na moyo uliozoezwa kuridhika na kudura, vingetosha kumkinga mtu na maradhi haya, wao wangekingika. Hawakukingika.

Mwaka 1987 Egeland na wenzake walitangaza kwamba kinasaba kinachohusika kimo katika kromosomu ya 11; baada ya miaka miwili, jamaa wengine walipopimwa na baadhi ya waliohesabiwa wazima walipougua, dai hilo likaanguka. Kuanguka kwake kulikuwa na faida, kwa sababu kuliwafunza wataalamu wasitafute sababu moja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliowalinganisha wagonjwa zaidi ya 41,000 na watu wengine zaidi ya 370,000, ulionyesha sehemu 64 za vinasaba zinazohusiana na maradhi haya, na kila moja yazidisha hatari kwa kiasi kidogo mno. Zikijumlishwa na nyingine ambazo bado zatafutwa, zao lake ni kubwa: tafiti za mapacha zimeukadiria urithi wa maradhi haya kuwa asilimia 60 hadi 85, na mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu anayo hukabiliwa na hatari ya asilimia 5 hadi 10, ilhali kwa watu kwa jumla ni kama asilimia 1.

Wala si maradhi peke yake yaliyo na fungu katika urithi. Uthabiti wa nafsi, yaani ule uwezo wa mtu kupigwa na dhiki kisha akasimama tena, nao umechunguzwa kwa mapacha, na tafiti kadhaa zimekadiria kwamba kama theluthi hadi nusu ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jambo hili yatokana na walichozaliwa nacho. Hapa ndipo swali la dini linapoanza kuuma. Ikiwa ndugu wawili walifungiwa katika nyumba moja mwaka 2020, wakakosa kazi pamoja na wakazika pamoja, mmoja akalala usingizi wake na kuamka akimhimidi Mola, na wa pili akakesha siku baada ya siku, akapanda, kisha akaporomoka hata akatamani kufa. Na ikiwa sehemu ya tofauti yao iliandikwa kabla hawajazaliwa, katika chembe ambayo hapana kiumbe aliyeichagua. Basi yule wa kwanza amesubiri, au amejaliwa tu? Na huyu wa pili ameitupa subira, au amenyimwa?

Swali hili liliulizwa Madina kabla ya mtu yeyote kuiona chembe ya mwili kwa darubini. Ulipofika ujumbe wa kabila la Abdul-Qays, wenzake wakiteremka kwa pupa kumkimbilia Mtume (S.A.W.), kiongozi wao ajulikanaye kwa lakabu ya al-Ashajj alitua taratibu, akajitengeneza, ndipo akaja, na Mtume akamwambia kwamba anazo sifa mbili azipendazo Mwenyezi Mungu, upole wa kuizuia nafsi na utulivu wa kutofanya haraka. Naye akauliza kama sifa hizo amezichuma mwenyewe ama ameumbwa nazo. Akajibiwa kwamba ameumbwa nazo, akamshukuru Mungu aliyemuumba na tabia anazozipenda. Hakujisifu, wala hakugeuka nyuma kuwadharau wale walioruka kutoka juu ya ngamia zao. Alipojua kwamba utulivu wake ni kipawa, alitoa shukrani akanyamaza. Na upande wa pili iko hadithi aliyoipokea Bukhari, ambayo maana yake ni kwamba mwenye kujikaza ili asubiri, Mungu atampa subira. Basi iko subira ya kuumbwa nayo na iko subira ya kuchuma, na dini imezikubali zote mbili.

Kosa letu, nionavyo mimi, ni kumpa mwenye subira ya kuumbwa nayo sifa za mwenye subira ya kuchuma. Thawabu hufuata juhudi, na juhudi haionekani kwa macho: aliyepewa moyo usiotikisika upesi hupita katika janga bila kutoka jasho, ilhali mwenzake, ambaye maradhi humwita kila usiku kwenye mauti, naye akakataa usiku huu, akakataa na usiku wa kesho yake, huenda amefanya subira ambayo yule wa kwanza hataifanya maisha yake yote, ingawa asubuhi majirani humkuta amejilaza, hajaoga, hakuhudhuria sala ya jamaa, wakatikisa vichwa. Mola hakuikalifisha nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Na uwezo huo, kama elimu ya vinasaba inavyotushuhudishia, haukugawiwa sawasawa. Anayeijua kadiri ya kila mmoja ni Yeye aliyeigawa, na jirani hana mizani ya kuipimia.

Atasimama msomaji mwenye hadhari aniambie kwamba hoja hii, ikifuatwa hadi mwisho wake, yatupeleka kwa Majabariya, waliosema kwamba mja hana hiari yoyote katika matendo yake, na kwamba tukishasema yote yamo katika damu, hapana haja ya dawa, wala nasaha, wala sala. Pingamizi hili lina uzito, nami nalijibu kwa mambo mawili. La kwanza ni mapacha wa yai moja, ambao vinasaba vyao ni vile vile: mmoja akishikwa na maradhi haya, mwenzake hushikwa takriban mara nusu tu. Nusu ile nyingine, yenye damu ile ile, hubaki salama, na hilo lisingewezekana kama damu ingekuwa ni amri isiyorudi. La pili ni kisa cha Sayyidna Umar katika tauni ya Amwas, karibu na mwaka 639, alipofika Sargh katika njia ya Sham, akaambiwa kwamba maradhi yamelipuka mbele, akaazimia kurudi. Sahaba mwenzake Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bondeni akakuta upande mmoja una malisho na upande wa pili ni mkavu, ambaye akilisha huku au akilisha kule hatoki katika kadari. Umar hakukataa kwamba bonde limeumbwa lilivyo. Alikataa kwamba kuumbwa kwake kwamzuia mchungaji kuchagua upande.

Nikiutazama mfano ule nawakumbuka matabibu wawili. John Cade wa Australia, ambaye katika vita vikuu vya pili alikuwa mateka wa Wajapani katika kambi ya Changi, Singapore, alirudi kwao na mwaka 1949 akatangaza kwamba chumvi ya lithiamu imewatuliza wagonjwa 10 waliokuwa wamepanda. Na Mogens Schou wa Denmark, ambaye ndugu yake mwenyewe aliteswa na huzuni iliyomrudia mara kwa mara, aliifanyia dawa hiyo majaribio ya miaka mingi mpaka ulimwengu ukaikubali. Ni chumvi ambayo asili yake imo ardhini. Aliyeiumba damu ya mgonjwa ndiye aliyeiumba chumvi hiyo, na anayeimeza kila siku kwa wakati wake amevuka kwenda upande wenye malisho. Hakuiasi kudura, wala hakuonyesha upungufu wa tawakali.

Sasa tuje kwenye janga lenyewe, kwa sababu lilifunua jambo ambalo vinasaba peke yake visingetuonyesha. Korona ilithibitishwa Kenya katika Machi 2020. Misikiti ikafungwa, ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, safari za kuingia na kutoka Mombasa zikasimamishwa katika Aprili, na mwezi wa Mei, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale ukazuiwa peke yake, asiingie mtu wala asitoke. Wenye kumshughulikia mgonjwa wa bipola wajua kwamba adui yake mkubwa ni kuvurugika kwa saa: usingizi ukikatika, kupanda hufuata; na Ellen Frank wa Pittsburgh, pamoja na wenzake, waliiasisi tiba nzima juu ya kumzoeza mgonjwa kuamka, kula, kukutana na watu na kulala kwa nyakati zisizobadilika. Nilipoisoma habari ya tiba hiyo niliwaza kwamba mtu wa Mji wa Kale aliishi ndani yake bila kuandikiwa na tabibu: adhana ya alfajiri ilimwinua, mwadhini wa adhuhuri alimtoa dukani, baada ya alasiri alikaa barazani akinywa kahawa na watu wale wale, na baada ya isha alirudi kwake. Wala sidai kwamba sala ziliwekwa kwa ajili ya afya. Ziliwekwa kwa ajili ya Mungu, na waja wakafaidika. Mwaka ule nguzo hizo ziliondolewa zote kwa pamoja. Adhana ilisikika, lakini haikumwita mtu kutoka. Baraza zikawa tupu. Mchana na usiku vikafanana. Na mgonjwa wa Kilifi aliyezoea kuvuka kwenda kuchukua dawa Mombasa alikuta njia imezibwa. Misikiti ilipofunguliwa tena katika Julai, waliruhusiwa watu 100 tu, kwa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 wakaachwa nyumbani, wale hasa ambao baraza na msikiti vilikuwa ndiyo maisha yao.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona wahaka na huzuni ya maradhi viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Je, vinasaba vya wanadamu vilibadilika katika mwaka mmoja? Havikubadilika. Imani ya wanadamu ilipungua robo kwa mwaka mmoja? Hapana mwenye akili atakayesema hivyo. Kilichopungua ni vile tulivyokuwa tumeegemea pasipo kujua, na ndipo ilipobainika kwamba sehemu kubwa ya subira tuliyojisifia tuliazimwa na mtaa. Mwenye moyo mgumu alipoondolewa egemeo aliyumba, mwenye maradhi alipoondolewa egemeo lile lile alianguka, tukamlaumu aliyeanguka.

Lawama hiyo haikukaa katika vinywa tu. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa ukoloni, kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hata miaka miwili, na kwa hivyo mtu aliyeokolewa asubuhi kutoka katika kina cha maradhi yake aliweza kufikishwa kizimbani. Ilikuwa hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho chakiuka katiba. Dini yetu, ambayo imeharamisha kujiua kwa ukali usio na shaka, ndiyo hiyo hiyo iliyotufunza kwamba kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa kwa mtoto mpaka abaleghe, kwa aliyelala mpaka aamke, na kwa aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Kuyashika mafunzo hayo mawili pamoja si kazi rahisi, lakini mwenye kushika moja na kuliacha la pili hajaifikisha dini kwa watu.

Lipo neno jingine lisiloweza kuachwa, nalo lahusu ndoa. Huku kwetu, posa inapoletwa, wazee huulizana habari za ukoo, na ikisikika kwamba kwao pana wazimu, posa hurudishwa na binti asiambiwe kwa nini. Nahofia kwamba elimu ya vinasaba, ikifika mitaani nusu nusu, itaipa desturi hiyo vazi la kisayansi. Na ifike basi yote: mtoto wa mzazi mmoja mwenye bipola, kwa hesabu niliyoitaja, ana nafasi ya takriban tisa katika kumi ya kutopata maradhi hayo; na vipimo vinavyojumlisha hatari ya vinasaba vimetungwa zaidi kwa damu za watu wenye asili ya Ulaya, hata vikiletwa kwa Mwafrika hukosa shabaha. Ndiyo sababu utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis ulianzishwa katika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, na miongoni mwa mahali ulipofanyika ni Kilifi, pwani yetu hii, ambako wagonjwa waliombwa idhini na kutoa mate yao ili yachunguzwe. Waliokubali wamewatangulia majirani zao kwa ihsani ambayo hawatalipwa hapa duniani. Anayeirudisha posa kwa hoja ya vinasaba asidhani kwamba wataalamu wako upande wake.

Kwenu makhatibu na masheikh wa misikiti nina ombi. Mtakapopanda mimbari kuhutubia juu ya subira, na mnapaswa kuhutubia, wakumbukeni waliokaa safu ya nyuma ambao wamemeza dawa kabla ya kuja, na semeni waziwazi, kwa maneno ambayo mama mzee atayaelewa, kwamba kumeza dawa hiyo ni katika subira na kwamba kuiacha kwa kushauriwa na jirani ni hatari. Ramadhani ikikaribia msilisahau jambo hili mahususi: mwili ukikaukiwa na maji, lithiamu huzidi katika damu hata ikawa sumu, na matabibu wa Casablanca waliowafuatia wagonjwa wao katika mwezi wa saumu waliona wengi wakirudiwa na maradhi ingawa kiasi cha dawa katika damu yao hakikubadilika, wakahisi kuwa sababu ni kuvurugika kwa usingizi. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na Aliyeifaradhisha saumu. Akija mtu kuwauliza kama afunge, msimjibu kwa kumpima imani. Mpelekeni kwa tabibu wake kabla mwezi haujaandama.